Masereka, penye baridi karibu na ikweta

Nani angefikiri kwamba karibu kabisa na ikweta watu huota moto kila jioni? Ndivyo waishivyo Wanande wa Masereka, katika Lubero, Kivu ya Kaskazini, zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari. Mchikichi hausitawi huko. Mawese hupandishwa kutoka mabondeni. Bali viazi ulaya na kabichi hustawi ajabu. Akina mama hulima miteremko mikali, hata tuliona kizunguzungu kwa kutazama tu! Wenye busara hupanda matete kukingama mteremko, udongo usichukuliwe na mvua.

Lakini mavuno hayo yote yana bwana wake, nayo ni njia. Mvua ikizidi, motokari hunasa matopeni, na kabichi haingoji. Ndipo mnunuzi wa Butembo hutaja bei apendavyo. Mwenye shamba ataurudishaje mzigo kilimani? Chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, huteremka vyema na magunia. Penye kupanda, kijana hulisukuma kwa jasho. Na mgonjwa je? Huyo hubebwa kwa kipoyi, wanaume wakipokezana mabegani, hata usiku, hata katika mvua ile ile.