Land Rover au Land Cruiser? Swali la familia ya Eastlands

Ukifuata Barabara ya Jogoo Jumamosi asubuhi, ukapita Maringo na Jericho hadi Buruburu, hutakosa kuona gari kuukuu la milimani likiwa juu ya mawe na fundi akiwa chini yake. Usione vyaelea, vimeundwa. Ikiwa nawe unatamani gari kama hilo, la kwendea kazini siku za juma na la kupigia kambi wakati wa likizo, tafakari kabla ya kutoa senti zako.

Kwanza, usifikirie kuliagiza ng'ambo. Kenya hairuhusu gari kuukuu lililozidi umri wa miaka 8 kuingizwa nchini. Utatafuta papa hapa, na mara nyingi utajikuta kati ya mawili: Land Rover Series III, iliyoundwa kati ya 1971 na 1985, na Toyota Land Cruiser ya mtindo wa 70, iliyoanza 1984.

Mwili wa Land Rover ni wa alumini, desturi iliyoanza 1948 kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, na hapo ndipo wanunuzi wengi hunaswa. Chesisi yake ni ya chuma! Mwili unaong'aa waweza kuwa umekalia chuma kilichooza. Ingia chini na ugonge kwa nyundo. Ikilia kwa mlio mkali, endelea; ikitoa sauti butu, aga uende zako. Land Cruiser haina siri hiyo, kwani kutu yake huonekana chini ya milango na kandokando ya paa.

Je, safari za kila siku? Land Rover ya petroli ya lita 2.25 hupata takriban kilomita 6 kwa lita moja. Klachi ni nzito na usukani wataka misuli. Ijaribu katika msongamano wa Outer Ring saa kumi na moja jioni, si asubuhi ya Jumapili. Land Cruiser za kuanzia 1990 zenye dizeli ya silinda 6, lita 4.2, hupata kama kilomita 8 na hupanda mlima bila kulalamika. Hata hivyo, bei yake ya kununua iko juu, ilhali Land Rover hutengenezeka kwa spana chache kule Kariobangi Light Industries.

Pima pia lango lako. Nyua za Buruburu ni finyu, na keria ikiwekwa juu ya paa, gari huenda likalala nje.

Kwa safari ya kwanza, fuata Barabara ya Kangundo hadi Tala, kisha uelekee Ol Donyo Sabuk, yaani Kilimambogo, wenye urefu wa mita 2,145. Jiko na sufuria utapata kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Barabara ya kupanda kileleni kupitia msituni itakuonyesha kama gia nzito inashika, na ya kushuka itakuambia ukweli kuhusu breki.

Jambo ambalo wazazi husahau ni viti vya nyuma. Magari mengi ya aina hizi yana mabenchi yanayotazamana, bila mikanda. Hapo ndipo watoto wako wataketi kila asubuhi wakienda shule. Kama huna fedha za kuweka viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda imara, basi bado huna fedha za kununua gari hilo.

Uamuzi? Ikiwa gari litafanya kazi kila siku, chukua Land Cruiser. Ikiwa utaendelea kupanda matatu na gari lingoje mwisho wa juma, Land Rover yenye chesisi nzima itakufaa. Vyovyote vile, hakikisha rekodi za umiliki kwa NTSA na uweke kando akiba ya matengenezo ya mwaka mzima. Na kama akiba hiyo ni karo ya watoto, kambi na isubiri. Mlima hauhami.