Kutoka Habari za Siasa hadi Tamthilia: Maisha ya Kazi Mjini Goma

Maisha ya kazi yanayosimuliwa hapa ni ya mwandishi wa siasa wa Goma, Kivu Kaskazini, aliyeanzia gazetini na baadaye akahamia tamthilia za redio na runinga. Alianza zama za RCD, waasi walioutawala mji kuanzia 1998 hadi 2003. Magazeti yalikuwa machache na yaliandikwa kwa Kifaransa cha ofisini, ilhali sokoni Virunga na mtaani Birere siasa ilibishaniwa kwa Kiswahili. Kwenye mikutano ya viongozi mwandishi alipewa tangazo lililokwisha kuchapwa, na mara nyingi kupaje, yaani pesa anazotoa mwenye mkutano. Mwandishi asiye na mshahara huwa mtumishi wa yule anayemwandika. Hilo ni tatizo la Kongo nzima na bado linaumiza.

Mwaka 2008 ndio uliogeuza mwelekeo wake. Mwezi Januari, Goma ilipokea mkutano mkubwa wa amani wa Kivu zote mbili, na tarehe 23 serikali na makundi yenye silaha, CNDP ya Laurent Nkunda ikiwamo, walitia saini hati za kuacha vita. Habari iliandikwa kikamilifu: nani alisaini, nani alihutubia, nani alipeana mkono na nani. Kufikia Oktoba vita vilikuwa vimekaribia mji na wakimbizi wamejaa kambini Kibati. Hakuna ripoti iliyoeleza jinsi kijana anavyoingia kundi la kwanza, analiacha, kisha anaingia la pili. Wala hakuna iliyoeleza mama anavyokaa kimya anapojua bunduki imefichwa nyumbani. Mambo hayo yalijaa kwenye madaftari ya mwandishi, lakini hayakuwa na msemaji anayekubali kutajwa jina, basi gazetini hayakuwa na mlango.

Mlango ulikuwapo redioni. Afrika Mashariki ilikuwa na mifano ya zamani, kama Twende na Wakati ya Radio Tanzania, iliyoanza 1993. Jirani kabisa, Rwanda, shirika la La Benevolencija lilianzisha Musekeweya mwaka 2004, hadithi ya vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, iliyoonyesha hatua kwa hatua jinsi chuki inavyopandwa na jinsi inavyoweza kuzuiwa. Shirika hilohilo lilitoa Kumbuka Kesho kwa wasikilizaji wa Kivu. Kwenye runinga, The Team ya Kenya, ya 2009, ilitumia timu ya mpira kuzungumzia majeraha ya uchaguzi wa 2007.

Ufundi ndio uliokuwa mgumu. Habari hutanguliza jambo kuu, tamthilia hulichelewesha. Mwanasiasa gazetini husema anachotaka kisikike, lakini mhusika hupata uhai pale anapoficha anachokitaka na mtazamaji akakiona. Ripota anapoanza kuandika maongezi, wahusika wote huhutubia. Dawa yake hupatikana barazani na kwa waendesha chukudu, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo: watu hukatizana, hujibu swali kwa swali, huacha jina la mkubwa bila kulitamka. Waigizaji wa Goma hulirekebisha neno la kitabuni papo hapo, nao wana haki.

Tofauti nyingine ni ya wajibu. Ripota hujibu kwa ukweli wa tukio. Mtunzi hujibu pia kwa kitakachotokea baada ya kipindi. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha mwaka 2010 matokeo ya utafiti wake juu ya Kumbuka Kesho. Waliosikiliza mchezo pamoja na kipindi cha kuwahimiza wajadiliane walijadiliana zaidi, lakini pia walipungukiwa na uvumilivu na moyo wa kuwasaidia wasiowapenda kuliko waliosikiliza mchezo peke yake. Kila mtunzi wa Kivu anapaswa kuyajua matokeo hayo. Kufungua midomo hakutoshi. Ni lazima mchezo uonyeshe namna ya kubishana bila kumtoa mwenzako katika ubinadamu.

Runinga huongeza gharama na hatari. Umeme hukatika, jenereta huharibu sauti, na sare ya kijeshi ya mwigizaji inaweza kuzua taharuki mtaani, ndiyo maana vibali hutafutwa kabla ya kamera. Ripota wa zamani husaidia hapo, kwa kuwa anazijua ofisi. Wahusika nao hutungwa kutokana na watu wengi, ili mtazamaji asimnyooshee kidole jirani yake.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na waandishi wengi wa habari walilazimika kuhama au kunyamaza. Madaftari, miswada na kanda za miaka ile zimetawanyika majumbani. Aliye nazo azinakili na kuziweka mahali salama, nje ya mji ikibidi, kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyomo haikuwahi kuchapishwa gazetini.