GOMA: MAMBO YA KUJUA MBELE YA KUFUNGA SAFARI



Ninyi mnaokaa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi mnasikia jina la Goma kwa redio, na karibu kila mara ni habari ya vita ao ya moto wa mlima. Halafu kijana anaalikwa harusi ya dada yake huku, mwingine anatafuta masomo, mama anakuja kwa mkutano wa kanisa, nao wanafunga safari bila kuuliza. Someni mambo haya pamoja nyumbani. Mengine ni ya kurahisisha safari, mengine ni ya kuokoa maisha.

INCHI NA MUJI

Kongo yetu ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tangu 1971 mpaka 1997 iliitwa Zaïre. Ukubwa wake unapita kilometa za mraba milioni 2.3. Tangu 2015 ina majimbo 26, na mwaka 2022 iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha ya serikali ni Kifaransa. Lugha za taifa ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Basi mtu wa Katanga hapotei Goma. Atacheka kidogo matamshi yetu, nasi tutacheka yake. Saa yetu pia ni moja. Kinshasa ndiyo iko nyuma saa moja.

Goma ni makao makuu ya Kivu ya Kaskazini, jimbo lililozaliwa 1988 wakati Kivu ya zamani ilipogawanywa mara tatu. Muji uko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Leta triko, juu ya baridi ya usiku.

JIWE JEUSI, BIDONI YA NJANO

Ninyi mmezoea udongo mwekundu. Hapa utakanyaga jiwe jeusi, ni moto wa mlima uliopoa. Kuta za mawe hayo zinazunguka viwanja, na nyumba nyingi ni za mbao. Kuchimba choo ni kazi ngumu sana. Mvua inanyesha kwa wingi lakini maji yanapenya katika mawe na kupotea, na muji hauna mto. Ndiyo maana utaona watoto na wamama na bidoni za njano wakiteka maji ziwani. Usiyanywe hivi hivi: yachemshe ao tia dawa, kwa sababu kipindupindu hakijaisha huku. Na ukikaa kwa watu, usimwage maji ovyo. Kila bidoni imetolewa jasho ao pesa.

MLIMA NYIRAGONGO

Mlima huu wa metre 3,470 unasimama upande wa kaskazini wa muji. Usiku, mara nyingine, mawingu juu yake yanakuwa mekundu. Ulipasuka tarehe 10 Januari 1977. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya muji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukafika ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, siku ya posho jioni, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano nyuma, watu wa kartye nyingi waliamriwa kuondoka. Wengine walienda Sake, wengine Gisenyi ngʼambo ya mpaka, na katika mbio hizo watoto wengi walipotezana na wazazi.

Kwa hiyo, siku ya kwanza uliza mwenyeji wako: tukikimbia, tunapita njia gani, na tunakutana wapi? Karatasi zako ziwe katika mfuko mmoja. Kama una mtoto mdogo, andika jina lake na namba yako ya simu katika nguo yake. Wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkano, kilichoanzishwa 1986, wanaangalia mlima. Sikiliza wao, usisikilize uvumi wa sokoni.

MAZUKU

Hili ndilo jambo ambalo wageni hawajui, na ndilo linaloua kimya. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka katika ardhi. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Kwa hiyo inajaa katika mashimo na mabonde, hasa upande wa ziwa kati ya Goma na Sake. Mtu mzima akisimama kichwa chake kinaweza kuwa juu yake, lakini mtoto, mbuzi, ao mtu aliyeinama, anaivuta na kuanguka. Hatari inazidi usiku na asubuhi mapema, wakati upepo haujavuma.

Ukiona ndege ao wadudu wamekufa katika shimo, rudi nyuma. Usilale chini fasi ya bondeni usiyoijua. Na ukiona mtu ameanguka humo, usiruke kumwinua kwa haraka. Piga kelele, ita wenyeji. Ninyi watoto wa migodi mnalifahamu jambo hili: anayeshuka katika shimo lenye hewa mbaya bila akili, anakuwa maiti ya pili.

ZIWA NA CHAKULA

Ziwa Kivu ni zuri, halina mamba wala kiboko. Chini yake, katika kina kinachofika karibu metre 480, kumefungwa gazi nyingi. Upande wa Rwanda wanaitoa na kuifanya umeme. Utakula sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Utakula sombe, viazi, maharagi, na jibini ya Masisi.

Lakini chombo kinachojaa kupita kiasi usipande, hata kama bei ni ndogo. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua kutoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa wanaitazama toka inchi kavu. Wengi walikufa. Omba jile ya kuokoa; ikikosekana, ngoja safari nyingine.

KARATASI, PESA NA NJIA

Leta kitambulisho na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Franka na dola zote zinatumika, lakini dola iliyopasuka hata kidogo itakataliwa. Usipige picha ya askari, mpaka, ao uwanja wa ndege. Ukipitia Rwanda, acha sashe za plastiki, zinakatazwa huko tangu 2008. Katika muji utapanda pikipiki. Mizigo inabebwa na chukudu, kinga kubwa ya mbao ya magurudumu mawili. Heshimu anayeisukuma, juu yake watoto wengi wamesoma.

MAMBO YA VITA

Goma ilipokea wakimbizi karibu milioni moja mwezi wa saba 1994, halafu ikaona vita ya 1996 na ya 1998. Waasi wa M23 waliingia mwezi wa kumi na moja 2012, wakatoka, wakaingia tena mwisho wa Januari 2025. Safari hiyo mabenki yalifunga na ndege za abiria zikasimama. Basi usitegemee habari ya zamani. Piga simu kwa mtu anayekaa hapa, muulize juma hilo hilo: njia gani iko wazi, pesa inapatikana wapi, nani anaangalia karatasi? Akikuambia ngoja, ngoja.

Na ukifika, usianze kuuliza watu habari za vita. Karibu kila nyumba imezika mtu. Kaa nao, kula nao, saidia kuteka maji. Anayetaka kukueleza atakueleza mwenyewe, kwa saa yake.

Kama kuna jirani anayejitayarisha kuja huku, mpe ukurasa huu mbele hajanunua tikiti.