Sinia Moja, Damu Mbalimbali

Nyumbani kwetu, mwezi wa Ramadhani, sote huzunguka sinia moja: muhogo ule ule, maharage yale yale, na birika moja la chai ya rangi iliyotiwa karafuu. Tuliamini kwamba waliokula pamoja hupata nguvu sawa. Ramadhani ya mwaka juzi ilituonesha vingine.

Binti yetu alikuwa na mimba ya miezi sita, naye alishikilia kufunga. Sisi wazazi wake, hatuna budi kukiri, tulimsifu mbele ya jamaa. Alipoanza kuhema akipanda ngazi tulisema ni uzito wa mimba. Udongo wa kutafuna tuliouona mkobani mwake tuliucheka, kwani mama zetu nao waliutafuna. Siku ya 12 alianguka akitia udhu. Kliniki walipompima, wingi wa damu ulikuwa 7.4, ilhali kwa mjamzito hutakiwa kufika 11.

Daktari alituketisha. Tulidhani kukosa madini ya chuma ni kukosa tu. Kumbe penye pengo huingia kingine. Katika utumbo mwembamba, chuma na manganisi hupita mlango mmoja. Chuma kinapopungua, mwili huupanua mlango ule ili ukitafute, na manganisi iliyomo chakulani hupenya kwa wingi kuliko kawaida. Ndiyo sababu mojawapo damu ya wanawake kwa jumla huwa na manganisi nyingi kuliko ya wanaume: akiba yao ya chuma ni ndogo, kwa hedhi na uzazi. Mimba nayo huipandisha, hasa miezi ya mwisho.

Tukauliza, je, manganisi ni sumu? Akasema la, mwili unaihitaji kwa mifupa na kwa kazi nyingi za ndani, lakini kidogo mno: kiasi cha miligramu 2 kwa siku. Ikizidi, ini huimwaga katika nyongo ikatoka na choo. Mwenye ini lililosinyaa kwa maradhi hushindwa kuitoa, ikajikusanya ubongoni. Mtoto mchanga naye hufyonza nyingi kuliko mtu mzima, na njia yake ya nyongo haijapevuka. Madhara ya kuzidi kwake yalielezwa tangu mwaka 1837 na tabibu James Couper wa Scotland, alipoona wasagaji wa madini hayo wakilegea miguu.

Binti yetu hakupimwa manganisi. Tiba ilikuwa kurudisha chuma, ili mlango urudi katika upana wake. Akapewa vidonge, na udongo tukautupa siku ile ile. Lililotuuma zaidi ni birika letu. Majani ya chai na karafuu vyote vina manganisi tele, tena chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha maharage na mboga kufyonzwa. Kila jioni, kwa mapenzi, sisi ndio tuliomjazia kikombe cha pili.

Rukhsa ya mjamzito tuliijua. Imamu wetu huitaja kila Shaabani, na Sura Luqman inataja udhaifu wa mama anayebeba mimba. Hata hivyo tulimwacha binti aione rukhsa kama aibu, kwa kuwa sifa zetu zilikuwa tamu masikioni mwake. Usiku ule baba yake alimwambia, "Mwanangu, kesho usifunge. Ukiona haya, onea haya mbele yangu, si mbele ya watu." Alilia, kisha akala daku la watoto saa nne asubuhi.

Alhamdulillah, alijifungua salama mtoto wa kike. Chai siku hizi hunywewa saa nzima baada ya futari, na wajomba wananung'unika. Mtoto ameshaachishwa ziwa. Mama yake analipa zile siku 19, Jumatatu na Alhamisi, nasi tunafunga pamoja naye. Zimebaki 6.