Wanaokimbilia Yowe

Katika filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, raia wa mji wana kazi tatu: kukimbia, kupiga yowe na kutazama juu. Jengo linaporomoka New York, kamera inawapitia kwa sekunde mbili, mama na mwanawe, dereva wa teksi, mzee mwenye kofia, kisha inarudi angani kwa mwenye filamu yake. Hatuambiwi asubuhi ile walikuwa wanakwenda wapi.

Filamu hizi nilizijulia Kisaki, kwenye kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao na jenereta nje. Zilikuwa zimetafsiriwa na vijana waliofuata nyayo za Lufufu, sauti moja ya Kiswahili ikiwasemea wote. Steringi alipewa maneno, adui alipewa maneno, hata mbwa mara nyingine. Waliokuwa wanakimbia barabarani hawakupewa hata neno moja, na sisi hatukudai. Steringi hafi, nani angeulizia waliofunikwa na kifusi?

Sasa nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, na kinachonishangaza zaidi katika filamu hizo ni lile yowe. Kwetu yowe ni wito. Kisaki iko kusini mwa Milima ya Uluguru, jirani na pori tulilozoea kuliita Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo hawajui mpaka uko wapi. Wakiingia shambani usiku, aliye kwenye dungu hupiga yowe, dungu la pili likaitikia, madebe yakagongwa, tochi zikawaka, na watu wakaja mbio kule sauti inakotoka. Bibi yangu miguu haimruhusu tena kukimbia, kwa hiyo hugonga sufuria mlangoni.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Wavuvi waliifikia mapema kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafariki. Picha iliyonikaa ni ya umati wa watu wakivuta kamba kuisogeza ndege ufukweni. Baada ya muda mfupi taifa lilikuwa limepata steringi wake, kijana mvuvi Majaliwa Jackson. Alipewa fedha, na Rais akaagiza aingizwe Zimamoto. Alistahili. Ila wale wa kwenye kamba walirudi kuwa umati, sekunde mbili za kamera.

Sisemi umati ni malaika. Yowe la "mwizi!" huwaita watu walewale, na tunajua linavyoweza kuishia kwenye tairi na kiberiti. Labda ndiyo sababu watengeneza filamu humpenda raia anayekimbia: hana uamuzi, kwa hiyo hana hatia. The Dark Knight ya mwaka 2008 ilithubutu kuwapa uamuzi. Feri mbili, moja ya raia, nyingine ya wafungwa, kila moja ina kitufe cha kulipua mwenzake. Raia wanapiga kura, wengi wanataka kulipua, halafu hakuna mkono unaokubali kufanya kazi hiyo. Batman hayupo pale. Kwa dakika chache mji unajiokoa wenyewe, na kwangu hakuna sehemu ya filamu ile inayobana pumzi kuliko hiyo.

Vijana wengi wa rika langu tumeondoka Kisaki. Madungu hayajapungua, wanaoitikia ndio wamepungua, na hakuna anayetarajiwa kutoka angani. Siku hizi Bibi akinipigia asubuhi kusema tembo walipita tena, baada ya shikamoo na marahaba humuuliza nani walikuja. Hunitajia mmoja mmoja, kwa jina, na la mtoto wa nani, na alikuwa ameshika nini.