Siku Moja ya Masomo Ng'ambo ya Ziwa

Watu wakisikia «kusoma inje ya inchi», mara moja wanafikiri Ubelgiji, Ufaransa ao Afrika ya Kusini. Kwetu Pweto inje iko karibu: ukisimama kando ya Ziwa Moero, lile wenzetu wanaita Mweru, Zambia iko mbele ya macho. Mpaka wa wakoloni uliwagawa Wabwile, wamoja kwa Wabelgiji, wengine kwa Waingereza. Lugha na majina ya mababu havikugawanywa. Ndiyo sababu tunaandika hapa juu ya desturi ya kupokea mgeni. Lakini mgeni wetu ana daftari mkononi.

Mwezi wa Desemba 2000 vita ilifika Pweto. Waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda waliuteka mji, na maelfu ya watu wakavuka. Wengi walipelekwa katika kambi za Kala na Mwange. Sisi tulipokelewa na mama mukubwa, upande wa Nchelenge. Tulikuwa na miaka 17, tumefika ya nne sekondari, na buletini zote zilibaki nyumbani. Shule moja ya kule ilikubali kutupokea, lakini katika Gredi ya 8, pamoja na watoto wa miaka 13, sababu hatukujua Kiingereza. Baba alikasirika: «Ni haya. Afazali auzishe chisense.» Mama mukubwa akajibu: «Shemeji, umuache aende siku moja tu. Akirudia na machozi, tutamupa wavu.»

Ilikuwa wiki chache baada ya Rais Laurent-Désiré Kabila kuuawa, tarehe 16 Januari 2001. Asubuhi wanafunzi walijipanga mbele ya bendera, wakaimba wimbo wa taifa lao. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini sauti tuliifahamu: ni ileile ya wimbo wa Tanzania tuliokuwa tukiusikia kwa redio. Tuliimba kinywa kikiwa kimefungwa.

Somo la kwanza lilikuwa hesabu. Mwalimu aliandika ubaoni 1.250, akatuomba tusome. Tulisoma vile tulivyofundishwa Congo: elfu moja mia mbili na makumi tano. Darasa zima likacheka. Kwetu, kama kwa Wabelgiji, nukta inatenga maelfu, na koma ndiyo inakata namba. Kwa Waingereza ni kinyume. Mwalimu hakucheka. Alitupatia chaki, akasema kwa Kibemba, lugha tunayoisikia vizuri, tuandike vile kwetu wanaandika. Tukaandika 1,250. Katikati ya zile namba mbili akaweka alama ya usawa, akaambia darasa kwamba hesabu ni moja, nguo ndizo mbili. Kisha akaita mtoto mmoja akae karibu nasi: yeye atupe Kiingereza, sisi tumupe Kifaransa.

Wazee wanasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wanafikiri methali hiyo ni ya kumuchokesha mgeni ili aondoke. Sisi tunaielewa ingine namna: mwenye kupewa jembe amepewa pia shamba, na mwenye shamba si mgeni tena. Mwalimu yule hakungoja siku ya tatu. Jembe lake lilikuwa chaki.

Jioni tulikula bukari, kule wanaiita nshima, pamoja na chisense. Baba akauliza: «Umepata pointi ngapi?» Tulimweleza kwamba katika mtihani wa kumaliza sekondari wa Zambia, 1 ndiyo alama ya juu, na 9 ni kuanguka. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuvuke: «Inchi gani hii, mwenye kupata moja ndiye wanamushangilia!» Habari ya wavu haikusemwa tena.

Baadaye tulirudi, tukapata Diploma ya Serikali, kisha tukasomea ualimu kwenye ISP ya Lubumbashi. Kala na Mwange zilifungwa mwaka 2010. Lakini mwaka 2017 watu wa eneo letu walivuka tena, na Januari 2018 Zambia ilifungua makao ya Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge. Watoto waliosoma kule wanaporudi, wanaketi mbele yetu. Wanaandika nukta mahali pa koma. Mwaka wa masomo kule unaanza Januari, huku Septemba, kwa hiyo wanafika katikati ya njia. Tunasikia wenzetu wakisema: «Huyu hajue kitu, arudie chini.»

Walimu wenzetu, kumushusha mtoto miaka miwili ni kumuonyesha wavu. Na akiwa musichana, ni kumuonyesha bwana. Tumupe kwanza chaki aonyeshe anachojua. Tumutafutie mwenzake wa kumupa Kifaransa, naye atoe Kiingereza chake. Kama desturi yetu ya kupokea mgeni inaishia kwenye kiti na maji ya nyumbani, haiingii darasani, basi tumerizi nusu yake tu.