Beseni Jekundu la Owino

Beseni la kwanza mama alilopewa Kampala lilikuwa jekundu, la plastiki, lenye maua meupe pembeni. Ndani yake mlikuwa na sufuria mbili, sahani sita za bati, mche wa sabuni na lesu. Wanawake kumi na wawili wa soko la Owino walilileta hadi chumbani kwetu Jumapili moja jioni, mwaka 1990, wakiimba, mmoja amelibeba kichwani kana kwamba anasindikiza bibi harusi. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alilia, nami nikadhani wamemletea msiba.

Ile ilikuwa nigiina. Ni ndugu wa upatu wa pwani na chama cha Kenya, ila kwa Kampala ya siku zile zamu yako ilipofika, wenzako walikujia nyumbani na kile ulichopungukiwa. Na karibu wote walipungukiwa na vyombo, maana walikuwa wametoka vijijini na nguo za mwilini, kama sisi.

Baba alifariki mwaka 1988, kijijini kwetu upande wa Busia, karibu na mpaka wa Kenya. Matanga hayajaanuliwa, watu wa ukoo wakakaa kikao chini ya mwembe. Wakamwambia mama kwamba ardhi ni ya ukoo, mwanamke ni mpita njia. Achague kurithiwa na shemeji yake au kuondoka. Alichagua kuondoka, na watoto watatu. Kabla hajatoka walimletea karatasi aweke dole gumba. Hakujua kusoma, na hakuna aliyemsomea. Baadaye sana tulielewa kwamba karatasi ile ilisema hadai chochote. Ninachokumbuka mimi ni wino wa zambarau kidoleni mwake ndani ya basi. Aliusugua kwenye lesu njia nzima hadi daraja la Jinja.

Basi lilitushusha Nakivubo, jirani na uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 1926. Pembeni mwa uwanja huo ndipo lilipoanza soko la Owino mwaka 1971. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa kuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa kwanza wa Wakatoliki wa Uganda, aliuawa hapohapo Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885. Watu wanalitaja kwa majina yote mawili bila kuwaza. Mama aliwaza. Kila asubuhi, kabla ya kukunjua turubai, alimwomba Balikuddembe amlinde mgeni katika mji ambao hata lugha yake hakuijua.

Luganda hakuijua kweli. Alichokuja nacho ni Kiswahili cha mpakani, na Kampala ya wakati huo wengi walikiogopa Kiswahili kwa sababu walikizoea vinywani mwa askari. Lakini ndani ya Owino walikuwapo wafanyabiashara waliotoka Kenya na Kongo, na wao walikitumia mchana kutwa. Alianza na mahindi ya kuchemsha. Kisha mwanamke mmoja akamgawia sehemu ya belo la nguo, na tangu hapo mama akawa muuza mivumba, yaani mitumba, ya watoto: fulana, soksi, vikoti vya sufu ambavyo nilishangaa nani Kampala angevivaa. Viliuzwa. Mvua zikija, mfereji wa Nakivubo ulifurika na maji meusi yakaingia sokoni. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kupandisha mizigo juu ya meza.

Katiba mpya ilipotangazwa Oktoba 1995, redio ya jirani ilisema mke na mume wana haki sawa katika ndoa, na kwamba mila inayomdhalilisha mwanamke imepigwa marufuku. Mama alisikiliza, akaendelea kukunja soksi. "Nani atawaambia kule kijijini?" aliuliza. Miaka mitatu baadaye ilikuja Sheria ya Ardhi, na hapo hata bungeni wanawake waliumizwa: kifungu cha mke na mume kumiliki ardhi kwa pamoja, ambacho mbunge Miria Matembe na wenzake walikipigania, hakikuonekana katika sheria iliyochapishwa. Kilichobaki ni kwamba ardhi ya familia isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi. Hilo nalo ni jambo kubwa, sikatai. Lakini ridhaa ya asiyejua kusoma hupatikana kwa kumshika kidole, na wino wake niliuona kwa macho yangu.

Kwa hiyo nikiulizwa mabadiliko yalianzia wapi, simtumi mtu kwenye Katiba kwanza. Namtuma kwenye chumba kimoja cha kanisa, mabenchi matano, walikojifunza kusoma watu wazima. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kisomo chenye manufaa mwaka 1992, na wanawake wa nigiina walijiandikisha kwa pamoja, kwa kuoneana aibu. Mama alisoma Luganda, lugha ya watu. Januari 1997 elimu ya msingi ilipofanywa bure, watoto wanne kwa kila familia, shule zilijaa pomoni. Nchi nzima wanafunzi waliruka kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mmoja wao. Jioni walikaa na mama chini ya taa moja, kila mmoja na daftari lake, wakisahihishana.

Nigiina nayo ilibadilika. Mabeseni yaliwatosha, zamu zikawa za pesa taslimu, na daftari likaingia, na aliyeandika daftari alikuwa mama. Pesa zilikaa kwenye kopo chini ya meza yake. Usiku mmoja wa Februari 2009 Owino iliwaka moto. Tulifika alfajiri. Palikuwa na majivu na mabati yaliyokunjamana, na wanawake wazima wamekaa chini wakichakura majivu kwa mikono. Kopo tulilipata. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi kilichopukutika kikiguswa. Mama alikuwa mtunza fedha, na nilimwona akizeeka pale pale.

Hawakumfukuza. Mwezi uliofuata, Machi, huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Uganda, na wao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza niliowajua kuiamini: laini kwa mmoja, namba ya siri kwa mwingine. Halafu mmoja wao, muuza mkaa, akasema vyombo vinavunjika na pesa zinaungua, tununue kisichoungua. Tangu hapo zamu zikawa za ardhi.

Zamu ya mama ilifika mwaka 2010. Alinunua ekari moja karibu na Bugiri, njia ya kwenda kwao. Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, alimsogezea kidau cha wino. Mama aliomba kalamu. Aliandika jina lake lote, polepole, herufi zikipanda mlima, kisha akataka mkataba usomwe tena tangu mwanzo ingawa alikuwa ameshausoma.

Ekari ile ndiyo iliyotushika. Machi 2020 soko la nguo lilifungwa kwa sababu ya korona. Wauza chakula waliruhusiwa kubaki, kwa sharti la kulala sokoni, wakafunga vyandarua katikati ya mafungu ya nyanya. Mama alikuwa ameshawahi basi kabla usafiri haujazuiwa. Alipanda maharage na viazi, akawafundisha wanawake wa jirani nigiina. Zamu zao ni za mbuzi.

Mwaka 2023 yule shemeji aliyesimamia kikao cha 1988 alifariki. Wiki mbili baadaye mjane wake alimpigia mama simu. Ukoo ulitaka atoke. Nilidhani mama atanyamaza, na nisingemlaumu. Aliniambia nimwandikie kwa Lusamia, lugha ya kijijini kwetu, kwa herufi kubwa, sheria mpya ya mirathi ya mwaka 2022 inasema nini: mjane hafukuzwi nyumbani kwake, na mume asipoacha wosia, fungu la mjane ni asilimia 20, si 15 ya zamani.

Siku ya kikao tulikaa chini ya mwembe uleule. Walinitazama mimi, niliyesoma, nianze. Mama alichukua daftari mikononi mwangu. Alisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, akikwama, akirudi, na wazee walisubiri. Mjane alikuwa kwenye mkeka pembeni yake. Alijongea taratibu, akainama, akatazama mahali kidole cha mama kilipokuwa kimesimama.